Aliyeziba Pengo la Duara

Maji ya mtungi yalinuka miguu.

Si harufu ya udongo, si ya moshi, wala ya chura aliyetumbukia akafa, maana hizo Rosa Kiden alizijua tangu utotoni. Ilikuwa harufu ya miguu ya mtu aliyevaa buti za mpira wiki nzima kwenye mvua, akazivua ndani ya chumba kilichofungwa. Rosa alikuwa ameshameza nusu kata kabla pua haijamwambia kitu. Akatema ukutani. Kwa haraka akasukutua mdomo kwa maji yale yale, akatema tena, akajitukana mwenyewe.

"Poni! Nani ilitia mukono kwa maji?"

"Hakuna mutu, mama," Poni akajibu kutoka uani. "Mi nilichota asubuhi kwa chemchemi. Ilikuwa safi."

Rosa akayamwaga yote. Akausugua mtungi kwa mchanga na majivu mpaka viganja vikamuuma, akaukausha juani, akaenda chemchemini mwenyewe. Saa sita maji yalikuwa matamu. Saa tisa yalikuwa yananuka miguu tena, na juu yake umetanda utando mweupe, kama ule wa uji uliopoa.

Nawaambia mapema, jamani: mwenye tumbo jepesi amalize kula kwanza ndipo asikilize. Mimi kisa hiki kimeniachisha mlenda miaka mingi, na mlenda nilikuwa naupenda.

Hii ilikuwa Kuluba, upande wa Koboko, kaskazini-magharibi mwa Uganda, Desemba ya mwaka themanini na saba. Watu walikuwa wamerudi kutoka Zaire, walikokimbilia vita vya sabini na tisa. Mume wa Rosa, Lokule, alikuwa askari. Alikufa mwaka ule ule wa vita na mpaka leo hakuna ajuaye kaburi lake. Rosa alivuka mpaka na watoto wanne. Alirudi na mmoja, na huyo mmoja ndiye Poni, binti wa miaka kumi na sita.

Na Poni mwenyewe alikuwa anakwenda. Tangu warudi alikuwa hali, hacheki, anakaa kizingitini kuanzia asubuhi mpaka kuku wanaingia bandani. Alikonda mpaka bangili ya mkononi ikawa inapanda hadi kiwiko. Rosa alimpeleka hospitali Arua, wakalala wiki mbili Awindiri kwa ndugu wa mume. Akapewa dawa ya minyoo na dawa ya damu, akarudi vilevile. Uchungu wa mwana aujuae mzazi. Rosa alishazika watatu huko ugenini, na huyu wa nne aliapa hatamzika.

Basi watu wa nyumbani wakasema: tumchezee duara.

Duara la kwao si mchezo wa harusi. Ngoma inawekwa katikati pamoja na mgonjwa, na watu wanazunguka pekupeku juu ya uwanja wa kupuria ufuta, wanakanyaga kwa visigino, dum, dum-dum, mpaka ardhi inaitikia ndani ya tumbo. Wenyewe husema ardhi ni mama, na mama hakinai uchafu wa mwanawe: huuvuta ugonjwa kupitia nyayo, akautoa. Usicheke. Nimeona watu waliokosa usingizi miezi mingi wakicheza alasiri moja tu, jasho likawatoka, wakanusa majani na upepo wa mtoni, wakaenda kulala kama watoto wachanga. Dawa ya hospitali haikuwapa hilo.

Lakini duara lina sharti moja. Halifungwi. Upande unaotazama kijito huachwa pengo la hatua tatu, na hapo hasimami mtu, hata awe nani. Huo ndio mlango. Kinachotoka kwa mgonjwa kinapita hapo, kinashuka majini, maji yanakipeleka mto Kaya, kinakwenda kuozea kwenye mafunjo huko mbali na watu. Na mama wa mgonjwa hachezi. Hukaa kando ya mtoto wake.

Sasa fikirini. Miaka saba kambini watu walicheza kwenye uwanja mdogo katikati ya vibanda, wameshikana mikono, duara limefungwa, maana ukiacha pengo wanaingia walevi na mbuzi. Zilikuwa ngoma za kujifurahisha tu, hazikuwa na mgonjwa ndani, kwa hiyo hazikumdhuru mtu. Lakini miguu huzoea. Waliporudi nyumbani, pengo lile halikuonekana tena kama mlango. Lilionekana kama upungufu.

Jumamosi ile ya duara walikuja watu kumi na saba. Kabla ya vita wangekuja mia. Duara likawa jembamba, linalegalega, na lile pengo la upande wa kijito likawa kama mdomo wa mzee uliokwisha meno. Rosa alimtazama Poni pale kati, kichwa kimeinama, akaona aibu kubwa ikimpanda. Akasema moyoni, mwanangu ataona hana watu. Akainuka. Akaingia kwenye pengo, akanyoosha mikono kulia na kushoto, akacheza.

Mpiga ngoma alikuwa mzee Soka, na macho yake yalikuwa yameshaingia ukungu, anatofautisha mchana na usiku basi. Hakuona kitu. Waliobaki waliona, wakadhani ndivyo.

Na Poni akapona! Hapo ndipo penye uchungu. Jioni ile ile akaomba chakula, akala maharage na muhogo, akaramba kisahani. Kesho yake alimcheka Viktoria, Mama Natale, mke mwenza wa mama yake, alipokimbizwa na jogoo. Rosa alisikia kicheko kile akaenda nyuma ya ghala kulia.

Jumatatu ndiyo maji yakanuka.

Jumanne asubuhi Viktoria alikuja kuomba moto. Nyumba yake ilikuwa hatua thelathini kutoka kwa Rosa, na ulimi wake ulikuwa unafika kabla yake.

"Mama Poni! Wewe iko namwaga nini hapa kwa njia? Mi karibu nivunje kiuno!"

Rosa akatoka. Majani yaliyozunguka boma lote yalikuwa yamelala chini, mstari wenye upana wa mguu, umezunguka ghala, banda la kuku na nyumba, ukajirudia wenyewe. Majani hayo hayakukauka. Yalikuwa yameiva, meusi, kama mboga iliyosahauliwa jikoni siku tatu. Viktoria aliinua kisigino chake, na ute ukavutika nacho, uzi mrefu, hautaki kukatika.

"Yalaa!" akasema. "Hii ni nini?"

Ndani ya ute ule kulikuwa na vipande vyeupe vyembamba. Rosa aliinama akatazama, na alipotambua aliziba mdomo. Ilikuwa ngozi. Ngozi ya mguu, ile inayobanduka mtu akikaa majini muda mrefu, na kipande kimoja kilikuwa bado na mistari ya kidole gumba. Kabla hajasema lolote kuku walishafika, wanadonoa, wanagombania. Akawafukuza kwa fagio, wapi! Mchana kuku watatu walianza kuzunguka. Wakazunguka mahali pamoja, shingo zimepinda, mpaka wakaanguka, na hata walipoanguka miguu yao iliendelea kupiga hatua.

Viktoria alisema achinje, asipoteze nyama. Rosa akachukua jembe. Wakawazika.

Jumatano duara lilikuwa limesogea. Sasa lilizunguka nyumba tu, chini ya upenu, pale pale maji ya mvua yanapodondokea. Rosa alikuwa anafagia ndani, saa nne ya asubuhi, jua kali, watoto wa jirani wanapiga kelele njiani, akasikia nyuma ya ukuta mtu anakanyaga. Pwata. Pwata-pwata. Hatua ilikuwa ile ile ya Jumamosi, ila ya miguu iliyolowa. Ikapita nyuma ya kitanda chake, ikapita nyuma ya mafiga, ikakaribia mlango. Rosa alitoka mbio na mchi mkononi. Hakuna mtu. Nyayo zilikuwa hapo, mbichi, na ndani ya kila unyayo maji machafu yalikuwa yanachemka polepole kutoka chini, kana kwamba ardhi yenyewe inatapika.

Alhamisi lilikuwa ndani.

Poni ndiye aliyeamka kwanza akakanyaga kitu. Duara lilizunguka mkeka wake, juu ya sakafu aliyoisiliba mama yake kwa samadi wiki iliyopita. Na Poni alikuwa ananuka. Mtoto aliyekuwa amepona! Alikaa juu ya mkeka, akanyoosha miguu, na katikati ya vidole vyake ngozi ilikuwa nyeupe, imevimba, inaachana na nyama.

"Mama, inawasha," akasema kwa sauti ya chini. "Na miguu haitaki kukaa."

Kweli haikutaka. Rosa alimpa ungo wa ufuta apepete, amsahaulishe, na mikono ya Poni ilipepeta vizuri, lakini chini miguu ilikuwa inapiga, dum, dum-dum, visigino juu ya ardhi, na kila pigo likiacha unyevu. Rosa alimshika magoti, akayabana kwa nguvu zake zote, na magoti yaliendelea kumruka ndani ya viganja. Mchana alipika mlenda. Aliupika yeye, kwa maji aliyoyachota yeye, na alipofunua chungu ule mlenda ulikuwa unajizungusha wenyewe, polepole, bila mwiko, na ulipovutika kijikoni ulitoka na ukucha.

Ukucha wa mguu, wa manjano, mzima. Nimeapa kusema kweli.

Alasiri hiyo Viktoria hakutania tena. Alikwenda Koboko mjini akarudi na mwalimu Fadhul, aliyejulikana kwa kutoa majini kwa kusoma na kufukiza udi. Alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye kanzu safi. Akaketi karibu na Poni, akawasha udi, akaanza kusoma. Moshi haukupanda. Ulishuka sakafuni, ukafuata lile duara, ukazunguka nalo. Fadhul akasoma kwa nguvu zaidi, na katikati ya aya akanyamaza, akavuta pumzi mara moja ya bahati mbaya, akainuka, akatoka nje na kutapika nyuma ya ghala, mpaka Rosa akamsikia anatapika upepo mtupu.

Alirudi mlangoni akijifuta ndevu. Hakuingia tena.

"Mama," akasema taratibu, "mi natoa majini miaka ishirini. Jini inaingia kama mwizi, na mwizi mi naweza fukuza. Hii si mwizi. Hii ni mgeni. Iko mutu ilimushika mukono, ikamuleta ndani."

"Mutu gani, mwalimu?" Viktoria akanong'ona.

"Mi sijui. Yeye mwenyewe anajua." Akakataa kuku wa shukrani, na sidhani kama kwa sababu ya adabu peke yake.

Usiku ule Rosa hakulala, na sitawasumbua kwa kusimulia usiku; uchafu huu ulikuwa unatembea mchana kweupe, haukuhitaji giza.

Ijumaa wakamleta mzee Soka, ameshikwa mkono na mke wake. Akagusa sakafu kwa kidole, akanusa kidole, akakunja uso. Akauliza swali moja.

"Siku ile, nani ilisimama kwa mulango?"

"Ni mimi, baba," Rosa akasema.

"Wewe! Mama ya mugonjwa!" Mzee akatingisha kichwa muda mrefu. "Sasa sikia vizuri. Kitu ya ugonjwa ilitoka kwa mtoto, ikafika kwa mulango, ikakuta mutu. Kama wewe ulisimama tu, hakuna neno, mulango ilibaki huku na huku. Tunacheza tena kesho, tunaacha pengo, inaenda. Lakini kama ilikushika mukono, ikaingia kwa duara, ikacheza na watu, basi iko inajua hapa ni kwao. Haiwezi kwenda peke yake. Yule ilimushika ndiyo atamushika tena, mukono kwa mukono, mpaka maji. Hakuna mutu mwingine. Na kama haikufanyika hivyo, itamaliza duara yake kwa mwili ya mtoto." Akageuza macho yake ya ukungu kuelekea sauti ya Rosa. "Ilikushika?"

Rosa akatazama mkono wake wa kushoto.

Alikumbuka vizuri. Wiki nzima alikuwa akiusugua mkono huo kwa majivu, na wiki nzima alikuwa akijiambia kwamba ulikuwa mkono wa Viktoria, uliolowa jasho. Mkono ulioingia ndani ya kiganja chake siku ile ulikuwa baridi, laini kama kiazi kilichooza ndani ya ganda lake, na ngozi yake ilikuwa inateleza juu ya mifupa, huku na huku, kama soksi iliyolegea. Aliushika kwa sababu hakutaka duara likatike. Akaubana. Na ule mkono, Mungu wangu, ukambana na yeye, polepole, kwa upendo.

"Hapana," Rosa akasema. "Mi nilisimama tu. Sikushika mutu."

"Ni kweli, baba," Viktoria akadakia kwa moyo safi. "Mi nilikuwa upande yake ya kushoto. Nilinyoosha mukono yangu, haikumufikia. Ilikuwa mbali."

Rosa akauficha mkono wa kushoto ndani ya kitenge. Na bado akanyamaza.

Msimwite mwoga. Rosa alivuka mpaka chini ya risasi, alizika watoto watatu kwa jembe la kuazima. Kufa hakumtishi. Kilichomfunga mdomo kilikuwa kinyaa, kinyaa kitupu: hakuweza hata kufikiria kuutia mkono wake tena ndani ya ule mwingine. Alisema moyoni labda pengo litatosha. Labda itakwenda yenyewe. Lakini mficha maradhi, kifo humuumbua, na hapa maradhi aliyoyaficha hayakuwa yake.

Jumamosi wakacheza. Saa nane mchana, jua utosini, uwanja wa ufuta, watu kumi na wanane safari hii maana habari zilishaenea. Pengo liliachwa wazi, hatua tatu nzima, na kupitia pengo hilo kijito kilionekana kinameremeta. Poni alilazwa kwenye mkeka katikati, miguu imefungwa vitambaa. Rosa alikaa kando yake. Soka akapiga.

Mwanzoni yalikuja mainzi machache tu.

Kisha yakaja mengi, mainzi ya kijani, yale ya mzoga, yakitoka upande wa nyumba kwa mstari kama siafu wa hewani, na hayakutua juu ya mgonjwa wala chakula wala jasho la wachezaji, bali yalitua juu ya kitu kisichokuwepo, yakakitambalia, yakakijaza, mpaka kila mtu pale uwanjani, kwa mwanga ule ule wa jua la saa nane, akaona bega la mtu, kiuno cha mtu, shingo iliyolala upande mmoja, miguu miwili inayoinuka na kushuka, pwata, pwata-pwata, ndani ya duara lao, ikicheza nao, ikicheza vizuri, haikosei hata pigo moja, na kila ilipofika kwenye lile pengo ilisimama kidogo kama mtu aliyefika mlangoni mwa wenyewe, ikageuka, ikarudi ndani, ikapunguza mzunguko wake hatua moja, ikamkaribia Poni.

Wanawake wawili walitapika wakiwa wanacheza. Hakuna aliyethubutu kuacha, maana Soka alikuwa anapiga kelele, "Msisimame! Mukisimama imekwisha!"

Mzunguko mwingine. Mwingine. Unyevu wa nyayo zake ulikuwa sasa unagusa ukingo wa mkeka, na harufu ilikuwa nzito mpaka unaionja kwenye meno, na Poni, aliyekuwa hawezi kusimama tangu juzi, akainuka kama anayevutwa kwa kamba, vitambaa vikafunguka na kuanguka na vilivyoanguka navyo sitavitaja, akaanza kucheza, uso wake umelowa machozi, miguu yake ikifuata ile miguu mingine hatua kwa hatua, na yale mainzi yakanyoosha mkono, mkono mrefu mweusi unaotambaa, vidole vitano, kuelekea mkono wa mtoto.

"Mama," Poni akasema. Neno hilo tu.

"Ni mimi!" Rosa akapiga ukelele. Aliinuka akasimama kati yao. "Baba Soka, nilidanganya! Ilinishika! Ni mimi nilimushika! Mama Natale, mukono haikuwa yako, nilijua, nilijua tangu siku ile! Niliona kinyaa! Mtoto yangu, nisamehe, niliona kinyaa!"

Viktoria akalia kwa sauti. Lakini miguu yake haikusimama.

"Basi mushike, mwanangu," Soka akasema, na ngoma yake ikapunguza mwendo. "Mushike umupeleke. Kwa maji, fungua vidole."

Rosa akanyoosha mkono wa kushoto. Aliyafumba macho? Hapana, aliyafumbua, ili asikosee. Mainzi yakapanda mpaka kwenye kwapa lake. Ndani ya mainzi ule mkono ukaja wenyewe, ukaingia kwenye kiganja chake kama unaorudi kitandani kwake, laini, baridi, ngozi ikiteleza, kucha zikiyumba kama meno ya mtoto, na ukambana, polepole, kwa upendo ule ule. Rosa alitapika kifuani mwake. Akavuta. Akatembea.

Alitoka nao kupitia pengo. Hatua mia mbili mpaka kijitoni, na kila hatua alikuwa akitapika na kutembea, kutembea na kutapika, na nyuma yake kitu kinakanyaga, na nyuma ya hicho ngoma. Waliobaki waliona amefika majini, ameingia hadi magotini, amesimama. Waliona mainzi yote yananyanyuka kwa pamoja, wingu zima, yakaenda zake upande wa mto Kaya. Uwanjani harufu ikakatika, kama vile mtu amefunika chungu. Poni akaanguka juu ya mkeka, na alipofumbua macho akaomba maji, akayanywa yote, akaomba mengine.

Watu wakashangilia. Soka akalia kama mtoto.

Rosa hakurudi mpaka jua lilipokuwa linazama. Walipomfuata walimkuta bado amesimama majini, midomo yake inatembea, anaongea na mtu kwa sauti ya chini, kama mtu anayebembeleza. Kile alichokuwa anasema alimwambia Viktoria peke yake, miaka mingi baadaye, Rosa mwenyewe alipokuwa anaumwa: kwamba alifungua vidole vyake vyote vitano, kama alivyoagizwa, na vya mwenzake havikufunguka. Alingoja. Akatingisha. Akazamisha mkono mpaka kwenye bega. Mwisho alisema, "Haya. Kaa na mimi, basi. Lakini mtoto yangu utamuacha, na watoto yake utawaacha." Na vidole vile vikambana mara moja, kukubali.

Poni alipona, na hakuumwa tena. Nyayo zake ziliota ngozi mpya, nyororo kama ya mtoto mchanga. Aliolewa Koboko mjini, akazaa, akanenepa, na mpaka leo duara likichezwa yeye ndiye wa kwanza kuvua viatu. Rosa alihama boma. Alijijengea kibanda ng'ambo ya kijito, peke yake, na watu walisema ni huzuni ya ujane. Alikula kwa mkono mmoja, alipepeta kwa mkono mmoja, na wa kushoto aliuzungushia kitenge kwa kisingizio cha baridi yabisi. Poni alimsihi mara nyingi aende wakaishi wote. Alikataa, na hakusema kwa nini.

Mwaka wa tisini na nne Poni alimleta mtoto wake wa kwanza, Suzan, msichana wa miaka minne, amwone bibi yake. Jioni wakamsindikiza Rosa kwake, njia ni nyembamba, Rosa akitembea ukingoni kabisa upande wa kulia, majani yanamkwaruza miguu, wakati katikati ya njia ni peupe. Suzan akakimbia mbele, akataka kuushika ule mkono wa kushoto.

"Hapana!" Rosa akaruka nyuma. Halafu akatabasamu, akanyoosha ule wa kulia. "Pita huku, mama yangu. Upande hiyo iko na mutu."